Ngano ya Uasin Gishu: kwa nini haipandwi Aprili pamoja na mahindi

Ndugu uliyeuliza kwa nini jirani zako wa Moiben, huku Uasin Gishu nchini Kenya, huacha mvua ya Aprili inyeshee shamba la ngano likiwa tupu, ilhali mahindi yao yamekwisha kuota, nakujibu kwa yale niliyoyaona katika shamba langu. Mkulima wa ngano huku hupanga kwanza wakati wa kuvuna, kisha huhesabu kurudi nyuma hadi siku ya kupanda.

Aina nyingi tunazopanda katika nyanda hizi, zilizo juu ya mita 2,000, hukomaa kwa takriban siku 110 hadi 130. Ngano iliyopandwa katikati ya Aprili hukomaa Agosti, mwezi ambao mvua ya Eldoret huwa imerudi kwa nguvu. Hindi limefunikwa na maganda yake, tena huvunwa baadaye sana. Suke la ngano liko wazi, na punje iliyokomaa ikilowa siku kadhaa mfululizo huanza kuota ingali sukeni. Nilipofikicha kiganjani masuke ya kipande tulichokipanda mapema kwa majaribio, punje zilikuwa zimevimba, ganda limepasuka upande wa kiini, na kijimzizi cheupe kimeshachomoza. Kwa idadi ya magunia kipande kile hakikuwa kibaya, lakini mnunuzi alizitazama punje akazitaka kwa bei ya chakula cha mifugo, na kwa hilo simlaumu: wanga wa punje iliyoota huwa umeanza kugeuka sukari, unga wake hutoa kinyunga chenye kunata, na mkate hauumuki vizuri.

Kuchelewa nako kuna gharama yake, japo hasara hiyo haionekani hadi siku ya kupima. Ngano iliyopandwa mwishoni mwa Julai hujaza punje Novemba, udongo ukiwa umekwisha kukauka. Punje husinyaa, na gunia lililojaa pomoni huwa jepesi. Machipukizi, yaani vijishina vya pembeni vinavyobeba masuke, pia huwa machache, kwa kuwa mmea unaobanwa na ukame huharakisha kutoa suke. Zaidi ya hayo, kutu, ugonjwa wa ukungu unaoshambulia ngano, huwa imeshazaliana katika mashamba yaliyotangulia, hivyo vimelea huifikia ngano yako ingali changa, nawe unalazimika kupulizia dawa mapema na pengine kurudia.

Kwa sababu hizo mimi hupanda kati ya mwisho wa Mei na katikati ya Juni. Ngano ya mwanzoni mwa Juni hutoa masuke Agosti, wakati maji yapo, hujaza punje Septemba mvua inapopungua, na huwa tayari kwa kombaini, yaani mashine ya kuvunia, mwezi wa Oktoba. Tarehe hizi usizipeleke Narok: huko sehemu za chini hupanda mapema zaidi, kwa mvua za Machi na Aprili, na sehemu za juu kuelekea Mau zina kalenda yake.

Ukichelewa kwa sababu ya trekta, chagua aina inayokomaa haraka na uongeze mbegu kidogo, kwa mfano kutoka kilo 50 hadi 60 kwa ekari, ili kufidia machipukizi yatakayopungua. Halafu zungumza mapema na mwenye kombaini, maana magari hayo huhama pamoja baada ya mashamba mengi kuvunwa, na shamba linalobaki peke yake ndilo ndege hulimaliza.