Mstari wa Grafu Unalala Wiki Nzima

SWALI: Timu yetu ya watu sita huandika programu za kompyuta kwa sprinti, yaani vipindi vifupi vya kazi, kila kimoja siku 10 za kazi. Kila asubuhi tunachora grafu ya kazi iliyobaki, lakini mstari hulala mpaka siku ya nane, ndipo uporomoke. Sprinti iliyopita haukufika hata sifuri, na watu walijituma kwelikweli. Tunakosea wapi?

JIBU: Mara nyingi mstari hulala kwa sababu kadi, yaani kazi mojamoja mnazobandika ubaoni, ni kubwa mno. Tuseme mmeanza na pointi 40, yaani makadirio yenu ya ukubwa wa kazi yote. Mstari elekezi, ule wa kufika sifuri siku ya 10 kwa kasi ileile, utashuka pointi 4 kila siku, lakini kadi ya pointi 13 haipunguzi chochote mpaka iishe kabisa. Watu sita wakishika kadi sita kwa mpigo, zote zitakuwa "karibu kwisha" wiki nzima. Zigawanyeni mpaka kila moja iweze kumalizwa kwa siku moja au mbili, na zinazoendelea zisizidi tatu, watu wawili kwa kadi moja.

Tafadhali msihesabu nusu kadi ili mstari upendeze. Kazi ambayo haijajaribiwa bado ni kazi iliyobaki, hata mwenye nayo akisema imefika asilimia 90. Utazameni na ubao: kadi zikirundikana kwenye safu ya majaribio, kuzigawanya peke yake hakutawafaa. Aliyemaliza kuandika programu asichukue kadi mpya. Akasaidie kujaribu zilizopo.

Kutofika sifuri ni jambo jingine, na hapa grafu yenu inawaonea. Siku ya nne mnamaliza pointi 8, jioni inaingia kazi mpya ya pointi 8. Kilichobaki ni kilekile, mstari haujasogea, na anayeutazama ataona siku iliyopotea bure. Mstari mmoja hauwezi kutofautisha kazi isiyofanyika na kazi iliyoongezwa.

Kwa hiyo choreni grafu ya mistari miwili, hata kwenye karatasi ya miraba. Wa chini uonyeshe pointi zilizokamilika, wa juu jumla ya kazi yote ya sprinti. Pengo lililo kati yake ndilo kazi iliyobaki. Siku ile ya nne, wa chini utapanda 8 na wa juu utatoka 40 hadi 48. Palepale unapopanda wa juu, andikeni jina la kadi iliyoingia na aliyeiomba, kisha mwulizeni siku hiyohiyo: ipi itoke ili hii ipate nafasi?