Nataka kuhamia chumba cha sampo, kazi ya huko ikoje?

SWALI: Dada hujambo. Mimi niko kiwanda cha nguo za kwenda nje huku Athi River, laini ya jinzi, kazi yangu ni kubandika mifuko ya nyuma, asubuhi mpaka jioni ni mifuko tu. Chumba cha sampo wanatafuta mtu na supavaiza ameniambia nijaribu. Wanafanya nini hasa kule? Wenzangu wanasema ni kupumzika, ati hakuna tageti.

JIBU: Sijambo mdogo wangu. Nenda kajaribu, lakini hiyo ya kupumzika usiiamini. Tageti ya pisi kwa saa ni kweli haiko, ila sampo, yaani nguo ya mfano ya kumwonyesha mteja kabla ya oda kushonwa, ina siku yake ya kusafirishwa na ikichelewa mteja naye anachelewa kuamua na oda nzima inasimama.

Kule unashona nguo nzima wewe mwenyewe, sasa hivi uko kwa cherehani ya sindano moja, baadaye ovaloki ya kuzuia kingo zisifumuke, baadaye bataki ya kukaza kona za mfuko, halafu unapiga pasi na unapima kila sehemu na tepu ulinganishe na karatasi ya vipimo ya mteja.

Jinzi sasa ndiyo ina mambo, kwa sababu inafuliwa ikishashonwa. Kabla ya kukata unachora mraba wa sentimita 50 kwa 50 kwenye kitambaa, kinafuliwa vile vile nguo itakavyofuliwa, kikikauka unapima tena. Ukipata 48.5 kwa urefu ujue kimerudi asilimia 3, kwa hiyo mguu ambao mteja anataka sentimita 80 kwa ndani, paterni, ile karatasi ya kukatia kitambaa, inakuwa karibu 82.5. Na usipime roli moja ukafikiri umemaliza, roli nyingine inaweza kurudi tofauti kabisa.

Lakini kitu ninachotaka ushike ni hiki. Huo mfuko unaokusumbua kwa laini ulianzia chumba cha sampo, kuna mtu aliushona ukatoka safi kwa sababu alikuwa na muda na mkono mzuri, akavuta kitambaa kidogo hapa, akafumua pale akarudia, halafu akanyamaza, na sasa nyinyi mnadaiwa mfuko huo huo kwa sekunde chache. Hiyo inaniuma sana. Ukiona mshono haukai mpaka uuvute, andika, mwambie mtu wa paterni arekebishe kabla oda haijaingia laini, hata kama bosi anataka sampo itoke leo leo.

Kwa sasa omba mafundi wakuonyeshe zipu na mkanda wa kiuno, hapo ndipo wengi wanaanguka kwenye majaribio. Na kabla hujasaini kuhama uliza kuhusu pesa, kama laini unapata bonasi ya tageti, wakuambie kule utalipwa nini badala yake, na wakuandikie.