Jibu: LSU ilifungwa na Wake Forest, ikawaje ikachukua ubingwa wa 2023?

Mwenzetu aliyefungua uzi huu ameuliza ilikuwaje timu ya Chuo Kikuu cha Louisiana State, maarufu kama LSU, ifungwe na Wake Forest tarehe 19 Juni 2023, kisha wiki moja baadaye itawazwe kuwa bingwa wa besiboli ya vyuo vikuu vya Marekani. Wachangiaji wawili watatu wameshajibu kwamba ni mashindano ya kubebana. Mwaka ule nilikuwa nikiishi Omaha, Nebraska, na wakati wa mashindano nilipata kibarua cha kuwaonyesha watazamaji viti vyao upande wa kushoto wa uwanja. Nilisimama pale usiku baada ya usiku, na jibu langu ni kwamba LSU haikubebwa. Ilitozwa gharama kubwa kwa kufungwa kule, na gharama yenyewe ilikuwa mikono ya watupaji wake, yaani wachezaji wanaomrushia mpira mpinzani aliyeshika gongo.

Nianze na msimu wenyewe, kwa sababu ndani yake ndimo ilimo siri. Msimu huanza katikati ya Februari, na kila timu hupangiwa mechi zisizozidi 56 kabla ya mashindano ya mwisho. Kwa kawaida timu mbili hukutana mara tatu mfululizo, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, na katikati ya wiki huwekwa mechi moja ambayo makocha wengi huitumia kuwajaribu vijana. Mtupaji bora wa timu huanza Ijumaa, kisha hupumzika siku sita hadi Ijumaa nyingine. Mwili wake huzoea mwendo huo miezi minne. Kutupa mpira kwa kasi ya kilomita 150 au 160 kwa saa, mara mia moja katika jioni moja, huuchosha mkono kiasi kwamba huwezi kumrudisha mtu uwanjani kesho yake kama unavyomrudisha mshambuliaji wa soka.

Mwishoni mwa Mei huteuliwa timu 64, ambazo hugawanywa katika vituo 16 vya timu nne nne. Washindi 16 hupambana wawili wawili, anayeshinda mechi mbili kati ya tatu anasonga mbele, na wanane wanaobaki ndio wanaokuja Omaha, mji ulioyapokea mashindano haya tangu mwaka 1950. Wanane hao hugawanywa katika makundi mawili, na kanuni ya kundi ni kwamba timu haitoki mpaka ifungwe mara mbili. Hilo ndilo lililomchanganya mwenzetu. Mabingwa wa makundi hukutana katika fainali ya mechi tatu, utaratibu uliopo tangu 2003.

Sasa tazameni kalenda ya LSU. Jumamosi tarehe 17 iliifunga Tennessee, na aliyeanza kutupa alikuwa Paul Skenes, mtupaji aliyekuwa gumzo la msimu mzima. Jumatatu ikafungwa na Wake Forest, timu iliyokuja Omaha ikiwa imepangwa nafasi ya kwanza kitaifa, mikimbio 3 kwa 2 (mkimbio ni pointi moja, mchezaji anapozunguka vituo vya uwanjani na kurudi nyumbani, pale alipopigia). Kuanzia hapo LSU ilitakiwa kucheza Jumanne, Jumatano na Alhamisi bila kupoteza hata mechi moja, huku Wake Forest ikipumzika Jumanne na kuhitaji ushindi mmoja tu katika mechi mbili. Upande wa pili Florida ilishinda mechi zake tatu, kila moja kwa tofauti ya mkimbio mmoja, ikakaa hotelini kusubiri. Anayeita hiyo kubebwa na ajaribu kuwapanga watupaji katika ratiba ya namna hiyo.

Jumanne, dhidi ya Tennessee tena, kocha Jay Johnson alimsimamisha Nate Ackenhausen, mtupaji wa akiba ambaye hakuwa ameanza mechi hata moja msimu ule. Pale kwenye ngazi zangu watu wa Louisiana walitazamana. Mama mmoja aliyevaa zambarau na dhahabu kuanzia kofia hadi viatu alinifuata kuniuliza kama nalijua jina hilo, na mimi ndiyo kwanza nalisikia. Kijana alitupa awamu sita kati ya tisa za mechi (katika kila awamu timu zote mbili hupata zamu ya kupiga, na zikiwa sare awamu huongezwa) bila kuruhusu mkimbio, LSU ikashinda 5 kwa 0. (Mama huyo huyo ndiye aliyenilisha kesho yake katika maegesho ya magari, wali uliopikwa pamoja na kuku na soseji katika sufuria moja. Alisema ni chakula cha kwao. Mimi nilikula nikiwaza pilau.) Jumatano LSU ikaifunga Wake Forest 5 kwa 2, na timu hizo zikawa zimebakiwa na usiku mmoja.

Usiku huo wa Alhamisi tarehe 22 ndio ninaousimulia kila ninapopata msikilizaji. Skenes kwa LSU na Rhett Lowder kwa Wake Forest wote walikuwa wametupa Jumamosi, yaani walikuwa na mapumziko ya siku nne badala ya sita, na wote wawili walirudi. Lowder alitupa awamu saba kwa mitupo 88, Skenes awamu nane kwa mitupo 120, na hakuna aliyeruhusu mkimbio. Magongo ya vyuo ni ya alumini, hutoa mlio kama wa sufuria iliyogongwa kwa mwiko, na usiku ule mlio huo ulisikika mara chache mno. Katika awamu ya nane Wake Forest ilikuwa na mkimbiaji kwenye kituo cha tatu. Mpigaji akausukuma mpira kwa gongo bila kuupiga kwa nguvu, ukabiringika taratibu kuelekea upande wa kituo cha kwanza. Tre' Morgan akaukimbilia, akauokota na kuurusha nyumbani huku mwili wake tayari unakwenda chini, na mdakaji akamgusa mkimbiaji kabla mkono wake haujafika. Watu walikanyagana vidole kwa kurukaruka, nami nikasahau kwamba kazi yangu ilikuwa kuwataka wakae.

Baada ya Skenes aliingia Thatcher Hurd, akatupa awamu tatu bila kuruhusu pigo hata moja. Katika awamu ya 11 Dylan Crews alifika kituo cha kwanza, Wake Forest ikabadilisha mtupaji, na Tommy White akaupiga mpira wa kwanza wa mgeni huyo ukavuka uzio wa kushoto, upande wangu. Crews na White wakakimbia hadi nyumbani, mechi ikaisha. Mbili kwa sifuri.

Gharama ninayoizungumzia mara nyingine huja baadaye. Mwaka 2018 Oregon State nayo ilifungwa mechi yake ya kwanza Omaha na bado ikawa bingwa, kwa kiasi kikubwa kwa mkono wa Kevin Abel, kijana wa mwaka wa kwanza aliyeshinda mechi nne katika mashindano yale. Usiku mmoja alitoka akiba na kutupa kidogo, kesho yake akatupa fainali ya tatu nzima, mitupo 129. Mwaka uliofuata alifanyiwa upasuaji wa kiwiko. Siwezi kusema moja lilizaa lingine, lakini tangu nilipolijua hilo siitazami hesabu ya mitupo kwenye ubao kwa macho yale yale.

Fainali za 2023 LSU iliingia huku Skenes akiwa ameshatumika. Jumamosi ilishinda 4 kwa 3 katika awamu 11. Jumapili Florida iliipiga 24 kwa 4, kipigo ambacho wengi pale uwanjani walidhani kimemaliza kila kitu, ilhali katika mechi tatu mikimbio 24 ina uzito ule ule wa mkimbio mmoja. Jumatatu aliyeanza kutupa ni Hurd, yule yule wa awamu tatu za Alhamisi. Florida ilimpiga mapema kwa mikimbio miwili, kisha akatulia hadi awamu ya sita, na wapigaji wa LSU wakamaliza mechi 18 kwa 4. Skenes alitangazwa kuwa mchezaji bora wa mashindano, na katika fainali hizo hakutupa hata mpira mmoja.