Manifoldi ya ekzosi kwenye hotirodi: orijino au kopi?

Anayejenga hotirodi, yaani gari la zamani lililoongezwa nguvu, huuliza kwa mara ya kwanza anunue manifoldi (chuma kinachokusanya moshi wa silinda na kuupeleka kwenye bomba) orijino ya zamani au kopi iliyotengenezwa upya kabla hajajua ni umbo gani litaingia kwenye chesisi yake. Anza na umbo. Chesisi ya Ford ya 1932 ni nyembamba. Ukiweka ndani yake V8 ndogo ya Chevrolet, injini ya silinda nane iliyotoka 1955 ikiwa na inchi 265 za ujazo, upande wa kushoto utakuta boksi ya usukani, shafti yake na reli ya chesisi vyote vinagombea nafasi ileile. Manifoldi inayotolea moshi nyuma mara nyingi hugonga boksi. Ile ya pembe za kondoo, ambayo mikono yake inakutana katikati na moshi ukashuka chini, hupita bila shida, na ndiyo sababu imependwa na wajenzi kwa miaka mingi sana. Uzuri wake wa sura ni faida ya ziada.

Pima injini ikiwa imekaa kwenye mauntini (vishikizo vya injini) zake za mwisho, gia boksi imefungwa na usukani uko mahali pake. Kati ya manifoldi na shafti ya usukani acha milimita 12 au zaidi, maana injini hujipinda kwenye mauntini unapokanyaga mafuta. Bomba la breki na la petroli likae mbali angalau milimita 50, na penye ubanano weka bati la kukinga joto. Kwa kazi hii ya kupima, tafuta manifoldi iliyopasuka ya umbo unalolitaka. Hiyo huuzwa kama chuma chakavu, nawe unaifunga na kuifungua mara kumi bila kuogopa kuikwaruza.

Hakikisha pia kipenyo cha kutolea moshi. Pembe za kondoo zilitengenezwa zenye tundu la inchi 2 na nyingine la inchi 2.5, na ukizitazama kutoka juu unaweza usione tofauti. Pima tundu lenyewe kwa kalipa. Injini ya inchi 265 au 283 ya kuendeshea barabarani inatosheka na inchi 2. Ya 350 ipe 2.5. Angalia vilevile masikio ya kushikia jenereta au oltaneta: baadhi ya manifoldi zinayo, baadhi hazina, na kopi nyingine huja na sikio ambalo halijatobolewa.

Kwenye V8 ya Ford yenye valvu ndani ya bloku, iliyoanza 1932, mambo yako tofauti kidogo. Kila upande una matundu matatu tu ya moshi kwa silinda nne, kwa sababu silinda mbili za kati zinatumia tundu moja. Sehemu ya kati ya manifoldi hubeba moto wa silinda mbili, basi hapo ndipo pa kukagua kwanza. Jambo la pili: kwenye magari mengi yenye injini hiyo, moshi wa kushoto ulivushwa kwa bomba hadi upande wa kulia, ukatoka kwa ekzosi moja. Ukitaka ekzosi mbili, jozi uliyoikuta kwenye injini huenda isikufae hata kama ni nzima kabisa, na kopi zilizoundwa kwa ekzosi mbili zinakuondolea kazi ya kukata na kuziba.

Sasa orijino. Kabla ya kufungua pochi, soma maandishi yaliyosubiwa kwenye chuma. Chevrolet walitumia herufi kwa mwezi, kuanzia A hadi L, kisha siku, kisha tarakimu ya mwisho ya mwaka. Ukiona C 14 7, chuma kilimiminwa tarehe 14 Machi ya mwaka unaoishia na 7. Namba ya kalibu, yaani ya umbo lililotumika kumimina chuma, itakuambia kama ni 1957 au 1967. Ford wa miaka ya 1960 waliandika kwa mtindo mwingine: katika C5ZE-9430, C ni muongo wa 1960, 5 ni mwaka 1965, Z ni Mustang, E ni idara ya injini, na 9430 ni manifoldi ya kulia. Ya kushoto ni 9431. Alama hizo za Ford zinaeleza mwaka wa usanifu, kwa hiyo zinaweza kuonekana kwenye kifaa kilichosubiwa mwaka mmoja au miwili baadaye. Kwa hotirodi hakuna atakayekunyima haki ya kuendesha kwa sababu ya tarehe, lakini namba hukuhakikishia kwamba kushoto na kulia ni jozi kweli. Jozi za kubabaisha ni nyingi, na mara nyingi kasoro hugunduliwa pale mabomba mawili yanapokataa kukaa sambamba chini ya gari.

Nyufa zitafute kabla ya kupiga mchanga. Mchanga unapogonga chuma hufinya kingo za ufa mpaka usionekane. Sugua kwa brashi ya waya, osha grisi, kausha. Kisha paka mafuta ya taa sehemu zote, acha robo saa, futa pakauke kabisa kwa nje, halafu paka chaki nyeupe iliyolainishwa kwa spiriti. Spiriti ikishakauka, ufa utajichora: mafuta yaliyojificha ndani yatapanda na kuacha mstari mweusi kwenye weupe. Tazama kati ya tundu na tundu, kwenye shina la mdomo wa kutolea, na kuzunguka masikio ya bolti za mwisho. Kuigonga kwa nyundo ndogo ikiwa imening'inia kwenye waya pia husaidia, kwani yenye ufa hutoa sauti fupi iliyokufa, ila usitegemee kipimo hicho peke yake.

Baada ya nyufa, unyoofu. Weka rula nene ya chuma juu ya flenji zote (nyuso bapa zinazokaa kwenye injini), ingiza fila geji, yaani vibati vyembamba vya kupimia pengo. Pengo la milimita 0.15 kati ya tundu moja na jirani yake gasketi italimeza. Likifika 0.3 peleka ikaskimiwe, yaani uso ukatwe kwa mashine uwe nyoofu. Sema wazi kwa fundi wa mashine kwamba flenji zote zikatwe kwa pamoja, zimefungwa mara moja, ziwe kwenye mstari mmoja. Ukisawazisha flenji mojamoja kwa tupa, kila moja itakuwa nyoofu peke yake na zote kwa pamoja hazitalingana.

Inafaa kuelewa kwa nini manifoldi hupinda, kwa sababu ukilielewa hili utaifunga mpya vizuri pia. Chuma cha kusubu hurefuka kiasi cha sehemu 11 kwa milioni za urefu wake kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Manifoldi ya milimita 450 ikipanda joto nyuzi 500 inarefuka karibu milimita 2.5, huku silinda hedi iliyoibeba ikirefuka kidogo tu kwa kuwa inapozwa na maji. Bolti za mwisho zikiwa zimekazwa kupita kiasi, au matundu yake yakiwa yanabana bolti, chuma kinakosa pa kwenda. Kikiwa cha moto kinajibana chenyewe, kikipoa kinakuwa kifupi kuliko mwanzo. Ndiyo maana utakuta orijino ambayo bolti za kati zinaingia na za mwisho zimekataa. Usiivute kwa mtaimbo. Panua matundu ya mwisho kwa drili ya milimita 11.5, ambayo kwa bolti ya inchi 3/8 inaacha nafasi ya milimita 2, na weka wosha nene.

Stadi (bolti zisizo na kichwa) zilizovunjika kwenye mdomo zisikutishe. Pasha moto nyama inayozunguka stadi hadi iwe nyekundu iliyofifia, gusisha nta ya mshumaa ili ivutwe kwenye rezi (mifereji ya skrubu), kisha zungusha taratibu mbele na nyuma. Ikiwa imekatika usawa wa chuma, chomelea nati juu yake. Joto la kuchomelea lenyewe ndilo linalolegeza kutu.

Kinachopaswa kukutisha ni manifoldi iliyokwisha kuchomelewa. Ukarabati wa kweli unawezekana: unatoboa tundu la milimita 3 kila mwisho wa ufa, unafungua ufa kwa grainda, unapasha kifaa kizima, unatumia elektrodi za nikeli kwa vipande vya milimita 25, unagongagonga kila kipande kikiwa bado cha moto, kisha unaifukia kwenye majivu makavu ipoe kwa saa nyingi. Wachache hufanya hayo yote. Wengi huchomelea kifaa kikiwa baridi, na ufa mpya huzaliwa pembeni ya weldi baada ya safari chache. Weldi ya shaba ndiyo mbaya zaidi mahali hapa, kwa sababu hupoteza nguvu kwenye joto ambalo manifoldi hulifikia kila siku. Kama umbo lenyewe ni adimu na kopi haitengenezwi, lipa fundi anayejua. Kama kopi nzuri ipo, manifoldi yenye weldi iache.

Kuna kifaa kingine kinachosahaulika: valvu ya joto iliyo kwenye mdomo wa upande mmoja. Injini ikiwa baridi hufunga njia na kusukuma moshi upite chini ya kabureta. Ikikwama imefungwa, petroli huchemka kwenye kabureta na upande huo wa injini hubanwa pumzi. Shafti yake isipozunguka kwa kidole, itoe, weka kipande cha kujazia chenye unene uleule.

Kopi nayo ina ukaguzi wake, na hapa wageni hulegea kwa sababu kitu ni kipya na kinang'aa. Uliza kwanza ni chuma gani. Chuma cha kijivu, ambacho ndicho cha orijino nyingi, kina kaboni iliyokaa kama magamba ndani yake, na kila gamba ni mwanzo wa ufa. Chuma kilichotiwa magnesi, kilichoanza kutumika mwishoni mwa miaka ya 1940, kina kaboni ya vidonge vya duara, nacho hustahimili kuvutwa na kupindwa bila kukatika. Kopi ya chuma hicho, iliyosubiwa vizuri, kwa gari la kuendesha kila siku tunaiweka juu ya orijino iliyochoka.

Pima unene wa ukuta kwenye mdomo, sehemu nne. Ukikuta milimita 4 upande mmoja na 7 upande wa pili, kiini cha kalibu kilihama wakati wa kumimina, na ule upande mwembamba ndio utakaopasuka. Ingiza kidole kwenye kila tundu: ukihisi ukingo mkali au mchanga ulioganda, utaondolewa kwa tindo na grainda ndogo, kisha puliza kwa hewa hadi vumbi liishe. Weka gasketi ya injini yako juu ya flenji uone kama tundu la kopi limeingia ndani ya lile la hedi. Ukingo unaozuia moshi usawazishe. Tazama pale kichwa cha bolti kinapokalia. Pasipokatwa nyoofu, bolti hukaa upande, hupinda, na mwisho hukatika kichwa. Jaribu pia soketi ya plagi, kwani masikio manene ya baadhi ya kopi hukuzuia kutoa plagi bila kung'oa manifoldi nzima. Halafu laza jozi mezani, ulinganishe pembe za midomo.

Yote hayo yafanye kabla ya kupaka rangi. Muuzaji hapokei kifaa kilichopakwa.

Tukiulizwa tungechagua nini, jibu linategemea orijino iko katika hali gani. Iliyopinda tu, au yenye stadi mbovu, irekebishe. Kuskimu ni kazi ndogo, na chuma kilichopashwa na kupoa kwa miaka mingi kimeshamaliza misukosuko yake ya ndani. Yenye ufa kwenye flenji, au iliyolika na kutu mpaka ukuta wa mdomo ukabaki milimita 3, ibadilishe kwa kopi. Na unapojumlisha gharama, upande wa orijino hesabu usafishaji, skimu na stadi mpya. Upande wa kopi hesabu usawazishaji wa matundu na mara nyingine skimu pia, maana flenji za kopi hazitoki nyoofu kila mara.

Kuhusu kinga ya kutu, rangi ya kawaida ya joto hubanduka. Mipako ya kauri inayopikwa kwenye oveni hudumu, mradi chuma kimepigwa mchanga hadi kikawa kijivu kitupu na hakuna mafuta yaliyobaki kwenye vinyweleo vyake.

Kufunga: pitisha tepu, kile kifaa cha kukatia rezi, kwenye rezi za hedi ili kuzisafisha, paka grisi ya nikeli ya kuzuia kung'ang'ania, ingiza bolti zote kwa mkono kwanza. Kwa V8 ndogo ya Chevrolet bolti ni inchi 3/8 zenye rezi 16 kwa inchi. Anza katikati ukielekea nje. Za kati kaza futi-pauni 30, za mwisho 20, yaani takriban Nm 40 na 27. Tofauti hiyo imewekwa makusudi, ili ncha ziweze kuteleza manifoldi inaporefuka. Kwenye mdomo tumia nati za shaba nyeupe au njano, ambazo hazigandi kwenye stadi. Washa injini ipate joto lake kamili, izime, iache ipoe kabisa, kisha pitia tena bolti zote kwa vipimo vilevile. Rudia baada ya kilomita 100 hivi. Ukisikia mlio wa tiki-tiki injini ikiwa baridi unaopotea ikipata moto, pengo liko kwenye flenji: tafuta doa jeusi la masizi pembeni ya gasketi, na ufungue hapo kabla moshi haujala uso wa hedi.