Tofali za kufungamana na mvua za Dar

Mkuu, umeuliza kama tofali za kufungamana zitamomonyoka kwa mvua. Hazimomonyoki zikitengenezwa vizuri. Ni udongo na saruji kidogo, unashindiliwa kwenye mashine, hauchomwi, na kwenye kujenga unaokoa saruji maana zinashikana zenyewe. NHBRA, wakala wa serikali wa utafiti wa nyumba na ujenzi, wamezihimiza miaka mingi.

Pima udongo kwanza: weka kwenye chupa ya maji, tikisa, acha utulie. Ukiona mfinyanzi umezidi mchanga, ongeza mchanga, la sivyo zitapasuka. Halafu mbane fundi (wengi wana haraka!) azifunike turubai na kuzimwagilia angalau wiki nzima. Nyanyua msingi, paa lipite ukuta.

Ila kama kiwanja kiko bonde la Msimbazi, ambako mto hufurika, usijenge kabisa, hata kwa zege.