Baba mdogo astaafu roki?

SWALI: Shikamooni. Baba mdogo ana miaka 67, anaimba roki na kupiga solo hapa Mwanjelwa, Mbeya. Noti za juu zinamkatika, na baridi ya Julai inamkakamaza vidole. Watoto wake wanataka astaafu. Mnasemaje?

JIBU: Marahaba. Umri peke yake si sababu. Mick Jagger, mwimbaji wa Rolling Stones, alizunguka Marekani na Kanada mwaka 2024 akiwa na miaka 80. Mwaka huohuo bendi ya roki ya Aerosmith waliacha ziara kabisa, maana koo la mwimbaji wao, Steven Tyler, lilikuwa limeumia na halikupona vya kutosha. Koo ndilo la kutazamwa.

Kwanza ashushe nyuzi zote za gitaa kwa toni nzima (sawa na hatua mbili za shingo ya gitaa), na besi ishuke pia. Noti iliyokuwa inamshinda itafikika, na mkazo wa nyuzi utapungua kwa karibu asilimia 20, hivyo vidole vitapumua. Abaki na nyuzi za 010, yaani seti ambayo uzi wake mwembamba kuliko wote una unene wa inchi 0.010. Akishusha hivyo kisha akafunga 009, ambazo ni nyembamba zaidi, zitalegea mno, zitagonga shingo ya gitaa na kuvuma.

Kabla ya onyesho apashe sauti dakika 15 kwa kuguna taratibu mdomo ukiwa umefumbwa, mikono ikiwa ndani ya glavu za sufu. Spika ya jukwaani imwelekee usoni. Asipoisikia sauti yake atapiga kelele, na hapo ndipo koo huharibika. Seti mbili za dakika 40 zinatosha.

Ila sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu, aache kuimba na aende kwa daktari wa koo. Gitaa aendelee nalo, tafadhali msimnyang'anye.