Kabla ya kumtamani mjusi wa Namib, washa taa ya baraza

Siku hizi watoto wa mtaani kwetu hapa Tabora wanaoneshana kwenye simu video za mjusi wa jangwa la Namib, yule mwenye ngozi ya waridi inayopitisha mwanga na macho makubwa anayoyalamba kwa ulimi. Kila mmoja anataka amfuge. Mimi huwaambia wao na wazazi wao: mwacheni kwao Namibia, hapa tuna ndugu yake, mjusi kafiri wa ukutani, na kumtazama hakuna gharama.

Anza na macho. Wote wawili hawana kope za kufumba, jicho limefunikwa na utando angavu, kwa hiyo husafishwa kwa ulimi. Ila yule wa Namib, ambaye wataalamu humwita Pachydactylus rangei, anapata na maji ya kunywa humo humo. Mvua kule ni haba mno. Kinachomwokoa ni ukungu unaotoka bahari ya Atlantiki, unaoletwa na baridi ya mkondo wa Benguela, maji baridi ya bahari yanayopita pwani ile. Ukungu hutua mwilini mwake ukawa matone, naye akayalamba usoni na machoni.

Hilo unaweza kuliona nyumbani. Kiangazi kikikolea, mwezi wa tisa au wa kumi, nyunyiza maji kidogo ukutani karibu na taa jioni, halafu kaa mbali utulie. Usimmulike tochi usoni, atakimbia. Mimi nimemwona akishuka taratibu, akasimama, akalamba tone moja baada ya jingine, koo likichezacheza. Mvua za kwanza zikija na kumbikumbi ndiyo burudani yenyewe: anamdaka mmoja, anampigiza ukutani, mabawa yananing'inia mdomoni.

Miguu ndipo wanapoachana. Wa kwetu ana vinyweleo vidogo mno chini ya vidole, ndivyo vinavyomshikilia hata darini. Wa Namib hana haja ya dari. Vidole vyake vimeunganishwa kwa ngozi kama mguu wa bata, hatembei akazama mchangani, na hivyo hivyo ndivyo anavyochimbia shimo la kujifichia jua la mchana. Usiku ndiyo anatoka kuwinda nyenje, mchwa na buibui. Mwaka 2021 watafiti walieleza kwamba ngozi yake ubavuni na kuzunguka macho hung'aa kijani inapopigwa na mwanga wa urujuanimno, ule ambao macho yetu hayauoni. Wa kwetu hana urembo huo, basi.

Mwiko mmoja kwa watoto: wasimshike mkia. Atauacha mkononi ukirukaruka, utaota mwingine, lakini alikuwa ameweka akiba ya mafuta humo. Ukihamisha kabati ukakuta vijiyai viwili vyeupe, virudishie palepale. Kuhusu sumu, wanaosema anayo wanamsingizia; hana. Kinyesi chake, kile cheusi chenye ncha nyeupe, ndicho cha kuangalia, kwa sababu kinaweza kubeba bakteria. Funika mtungi na sufuria, na watoto wakimgusa wanawe mikono kwa sabuni. Na kama unapuliza dawa ya wadudu, ukuta wa taa uruke, maana utamwulia chakula chote.